Tumbo la Kevo

Juzi, katika jimu moja ya mtaa wa Gatina, nilimwona msichana akifanya mazoezi ya tumbo huku mwenzake amemshika miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu utotoni, kule mtaani Soweto West: kumkalia miguuni Kevo, jirani yetu, aliyetaka tumbo la vipande sita. Alinuka jasho na sabuni ya kipande.

"Kalia kabisa, Mwende. Ama hujakula leo?"

Baadaye nilisoma kwamba miguu ikishikwa, mapaja hulipokonya tumbo kazi. Wakati huo niliamini hawezi kunyanyuka bila mimi.

Alasiri moja, baada ya matokeo ya kura, moshi wa matairi ulipenya chini ya mlango wetu. Vijana walikuwa wakifukuza wapangaji wa makabila mengine, nyumba kwa nyumba, nasi tulikuwa tumejifungia kimya. Mlango uligongwa.

"Mwende, ni mimi tu. Fungua."

Mama aliniziba mdomo. Nilidhani hajaitambua sauti ya Kevo. Nikachomoka, nikavuta komeo.

Kevo hakunitazama. Aliwageukia vijana wenye marungu waliosimama nyuma yake.

"Si niliwaambia wako ndani?"