Samaki Niliyemwonja Nyuma ya Gesti

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nauza samaki wa moshi sokoni Arua, na mzigo mwingine naupeleka Koboko. Pua yangu ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Nilikuwa nikimnusa samaki najua kama alianza kuoza kabla ya kukaushwa, hata muuzaji aape vipi.

Siku hiyo nilikwenda kununua kando ya Nile, kwenye mji uliokuwa kijiji cha wavuvi nilipokuwa msichana. Sasa kumejaa magesti, baa na maduka ya simu. Akina mama waliokausha samaki pale walifukuzwa zamani. Kwa hiyo nilipoona moshi nyuma ya gesti mpya, nilishuku. Nani kamruhusu huyu?

Nikazunguka. Bibi mmoja alikuwa akigeuza sangara juu ya uchaga. Moshi ulinipiga usoni, lakini macho hayakuwasha, wala sikusikia harufu. Hebu niambie, moshi gani huo? Ningeondoka pale pale. Lakini mkono una mazoea yake: nilimega mkia, nikaonja. Na sisi wanunuzi wa mtoni tuna sheria moja, ukionja umenunua.

"Bei gani, haboba?" nikamuuliza kwa heshima ya bibi.

"Mimi hapana taka pesa," akasema bila kuinua uso. "Watu ya gesti nasema hapa hapana mutu. Sisi bado iko. Wewe naonja, wewe nanunua. Mimi nachukua ile kitu naleta wewe hapa."

Nikainama kufungua mkoba. Kuinuka, mbele yangu pana ukuta mweupe tu.

"Mama, huku hapana mutu," mfanyakazi wa gesti akaniambia. "Ukuta tumepaka leo."

Niligusa ile rangi, ikanishika vidoleni. Nikanusa vidole. Hakuna kitu.

Mpaka leo sisikii harufu yoyote. Daktari hakuona ubaya wowote. Nilipeleka Koboko mzigo uliooza bila kujua, wateja wakanirudishia mbele ya watu, nikalia kwa aibu. Sasa binti yangu ndiye ananinusia, na nimemkataza kukanyaga mji ule. Amejifungua juzi. Nilimpakata mjukuu, nikaweka pua utosini pake, nikasubiri.

Nawe ukienda kupumzika huko mtoni, kula utakacho. Ila ukiona moshi usiowasha macho, rudisha mkono wako.