Mguu wa Mirella

Mirella Bordignon hakuwahi kupanda ubao wa theluji hata siku moja. Theluji yenyewe hakuipenda. Ikianguka hapa kwetu Montebelluna, mji wa mafundi viatu kaskazini mwa Italia, alikuwa anafungua dirisha, anaitukana kidogo, halafu anafunga. Lakini kila buti ya kike iliyotoka kiwandani mwetu ilipita kwanza mguuni mwake, maana Mungu alimjalia mguu wa saizi thelathini na nane usio na kasoro, na sampuli za kike hapa mjini hutengenezwa kwa saizi hiyo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupaka soli gundi. Akihitajika juu, mtu alipiga kelele ngazini: "Mguu, panda!"

Naye alipanda, akavua kiatu, akamnyooshea mumewe mguu. Mumewe, Sante, ndiye aliyechonga kalibu, yaani ule mguu wa mbao ambao buti hushonwa juu yake. Watu walisema kwamba siku Sante alipokutana na Mirella alimtazama miguu kwanza, uso akaugundua wakati wa uchumba. Aliyeeneza maneno hayo ni Mirella mwenyewe.

Mimi ni Bruna, mshonaji wa ngozi za juu. Meza yangu ilipakana na ya Sante, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Miaka ile vijana walikuwa wameanza kuacha ski, zile mbao mbili nyembamba, na kukimbilia ubao mmoja, na wasichana hawakubaki nyuma. Sisi tulikuwa tunawauzia nini? Buti za wanaume zilizopunguzwa urefu na kupakwa rangi ya waridi. Aibu tupu. Kisigino cha mwanamke ni chembamba, mle ndani kinaogelea, na msichana akijipinda ubao haumtii. Basi Tiziano, injinia wetu, akaamua tutoe toleo jipya la kike, lililochongwa kwa mguu wa mwanamke tangu mwanzo. Sante akamwambia mguu upo, asihangaike kutafuta.

Sijawahi kumwona Mirella na furaha kama ile. Alitembea kati ya mashine kama bibi harusi, mikono imejaa gundi.

"Kwa hiyo nitashuka milima yote bila kupanda hata mmoja," alisema. "Na nyie mnaojifanya wanamichezo mtabaki hapa hapa na nyuzi zenu."

"Utalipwa nyongeza?" nilimuuliza.

"Nyongeza ya nini, shoga? Mguu wangu unaenda Amerika!"

Sampuli ya kwanza ilitoka majira ya machipuko. Ilimkaa barabara. Kisigino kilishikwa, vidole vilicheza, naye akaruka ruka chumbani, hata juu ya kiti, mpaka Sante akamwomba ashuke.

Sasa nieleze mambo mawili, maana ndiyo yaliyotufumba macho. Kwetu mguu haupimwi asubuhi. Asubuhi mguu ni mwongo, umetoka kulala. Ukiutengenezea kiatu saa hizo, jioni kitautesa. Sampuli hujaribiwa alasiri, mguu ukiwa umejaa. Na jambo la pili, mguu wa sampuli haubishiwi. Ukisema unabanwa, basi kalibu ndiyo yenye makosa, na mchongaji hurekebisha kalibu bila kunung'unika. Tumelelewa hivyo, na baba zetu walilelewa hivyo.

Kiangazi kilipoingia, sampuli ya pili ikambana mgongo wa mguu. Sante akaiacha kalibu ya kwanza rafuni, akagundisha kipande chembamba cha ngozi juu ya nakala yake, akakisugua kikalainika, tukashona nyingine. Ikabana tena, sasa na kifundoni. Akaongeza kipande kingine.

"We mwanamke, unakula polenta ya nani siku hizi, ugali gani huo unaonenepesha miguu?" Sante alimuuliza, amepiga goti, buti mapajani.

"Ya mama yako. Ndiyo maana hainipendi."

Chumba kizima kilicheka. Mirella alicheka pia, lakini ilimbidi akae kwanza. Alikuwa ameanza kupumzika katikati ya ngazi, ameshika dirisha, akidai anautazama mlima Grappa. Mlima aliokuwa ameuona tangu azaliwe! Sisi tukamtania kwamba ameanza uzee. Miguu ilimvimba jioni, na nani hapa haimvimbi akisimama kutwa nzima? Nikikumbuka kicheko kile natamani kuvunja kitu.

Vuli ilipofika, kalibu zilikuwa zimevikwa ngozi juu ya ngozi, na Mirella akasema sasa sawa. Tiziano akatuma sampuli kwa wasichana wanaozijaribu kwenye barafu ya juu milimani, wote wa saizi thelathini na nane. Walirudi wamekasirika. Kisigino kinanyanyuka, walisema, mguu unazama mle ndani, heri hata zile za wanaume.

Asubuhi iliyofuata Tiziano alizileta kalibu mbili, ya machipuko na ya vuli, akazibwaga juu ya meza.

"Sante, hii ni miguu ya watu wawili."

"Ni mguu wa mke wangu."

"Basi bwana una wake wawili."

Nilidhani Sante angemtandika. Uso ulimwiva. Kisha akazitazama zile kalibu, akazitazama tena, na rangi ikamtoka yote. Alichukua buti ya kwanza kabisa, ile ya machipuko, akashuka nayo mbio hadi kwenye gundi. Nikamfuata.

"Vua kiatu," alimwambia Mirella.

"Saa hizi? Asubuhi yote hii? Umerukwa na akili?"

"Vua, Mirella."

Akapiga goti sakafuni, mbele ya watu wote. Buti haikuingia. Alilegeza kamba mpaka mwisho, ulimi wa buti akaukunja nje, bado mguu ulikwama njiani. Asubuhi, kabla mtu hajasimama hata kidogo. Akamvua soksi, akabonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale.

Mikono yake iliujua mguu ule kuliko kitu chochote duniani, lakini miezi yote hiyo alikuwa ameubonyeza juu ya ngozi ya buti.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Usinitazame hivyo. Nimechoka tu. Toleo likitoka nitapumzika."

"Pumzi je? Zile ngazi?"

Mirella aliinamisha kichwa. "Ningesema naumwa, wangetafuta mguu mwingine," alisema. "Nilitaka uwe huu."

Hospitalini walituambia ni moyo. Ulikuwa umeshindwa kusukuma kwa muda mrefu, na maji yakajaa miguuni. Wangemwona mapema, dawa zingemsaidia zaidi. Sante alilisikia hilo na hakulisahau tena. Ugonjwa ulikuwa mikononi mwake kiangazi kizima, naye kila ulipokua aliuongezea nafasi.

Alirudi kiwandani peke yake, akazichukua zile kalibu zilizonenepa, ya kushoto na ya kulia, akazipitisha kwenye msumeno wa mashine. Alizikata vipande, vipande akavikata tena, kisha akavitupa katika tanuri la takataka. Hakuna aliyemzuia. Tiziano hata alishukuru, maana toleo lilirudi kwenye kalibu ya machipuko na kazi ikaendelea.

Buti zilizinduliwa Januari, ukumbini, kwa muziki na mvinyo. Wasichana walijipanga kuzijaribu, na wote walisema jambo moja: hatimaye. Mimi na Sante hatukungoja keki. Tulibeba boksi la kwanza mpaka wodini.

Mirella aliifungua karatasi taratibu, akaitoa buti, akaigeuza huku na huku.

"Mguu mzuri huu," alisema. "Wa nani?"

"Wako," Sante alimjibu.

"Hebu nivalishe."

"Kesho. Leo umechoka."

"Sante. Nivalishe."

Alijaribu. Mungu ananiona, alijaribu. Vidole tu ndivyo vilivyoingia. Mirella alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamshika bega.

"Basi, mume wangu. Imeshakuwa ya wengine." Akaipakata buti kama mtoto. "Wanasemaje huko?"

"Wanasema kisigino hakitoki," nilimwambia, nikatoka nje kulia.

Alifariki kabla mwezi uliofuata haujaisha. Wakati wa kumvisha, hakuna kiatu chake hata kimoja kilichomwingia. Majirani walileta vyao, vyote vikawa vyembamba. Tiziano akaja na vya kiume, vipana, vya ngozi nzuri, na hivyo vingemtosha. Sante akavisukuma mbali.

"Havai vya wanaume," alisema. "Nipeni hadi kesho, nitamshonea. Bruna, kalete kalibu zangu zile pana."

Nilibaki nimesimama mlangoni. Alinitazama akingoja, na niliona kwa macho yangu alipokumbuka. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono imefunguka mapajani, na alilia kwa sauti ambayo sikuijua.

Kanisani walijaa mafundi viatu, mji mzima karibu. Mirella alizikwa na soksi zake nyeupe za sufu. Sante ndiye aliyemvisha, na alikata mpira wa juu ya kifundo, pande zote mbili, zisimwachie alama.