Machungwa ya Mgonjwa

Mpaka leo, nikisikia mtu anasema juisi ya machungwa ni jambo dogo, damu inanichemka. Aje yeye aikamue kwa mkono, umeme umekatika tangu asubuhi, mashine ya kusagia imekaa bure juu ya kabati, na sebuleni kuna mgonjwa ambaye hataki kitu kingine kipite kooni mwake.

Mgonjwa alikuwa baba yangu. Alikuwa amepasuliwa tumbo, wakamrudisha nyumbani kwetu Bel-Air amekonda hadi saa yake ilimteleza mkononi ikafika karibu na kiwiko. Bukari, ugali wetu, aliusukuma. Uji aliusukuma. Supu ya kuku aliitazama kama mtu aliyetukanwa. Muuguzi aliniambia bila kuzunguka: asipopata kitu cha kumtia nguvu, kidonda hakitafunga, atarudi hospitali, na safari hii huenda asitoke. Baba alikubali kitu kimoja tu, juisi ya machungwa isiyo na sukari, iliyochujwa vizuri, kama alivyokuwa akiitengeneza marehemu mama.

Basi nikakamua. Machungwa yetu ya kijani, yale yanayoletwa kutoka mashamba ya Kasungami, yana mbegu nyingi na ganda gumu. Kwanza unaliviringisha chungwa mezani kwa kiganja mpaka lilegee. Unalikata kati, unalikamua juu ya chujio, na unausimamisha mkono kabla ganda halijatoa mafuta yake, kwa sababu mafuta hayo yakiingia umeharibu kila kitu. Mbegu usizivunje. Ukimaliza, inywewe papo hapo, ikikaa inageuka uchungu. Machungwa mengi, kikombe kimoja. Vidole vyangu vilichubuka, maji ya machungwa yakaingia kwenye michubuko, nikawa nakamua huku nimeuma meno. Sikulalamika. Kikombe kile ndicho kilichokuwa kinamshikilia baba yangu duniani.

Halafu wakaja wageni.

Walikuja wa jumuiya ya kanisa, wakaja wastaafu wenzake wa reli, wakaja majirani. Mbele yao wote alikuja shangazi yangu, mdogo wake baba, kila siku na mtu mpya wa kumwonyesha mgonjwa. Na baba, badala ya kulala, alinidai koti lake, akajikokota mpaka sebuleni, akakaa wima kuwapokea. Mgeni kutoka kwake na midomo mikavu? Haiwezekani, hata kama mwenyewe anakufa.

"Anzia bageni," aliniambia kila mara. "Miye ntakunywa nyuma."

Nyuma, yaani baadaye, kulikuwa na nini? Nyuma kulikuwa na makapi kwenye chujio. Niliwaona wakinywa jasho langu wakizungumzia bei ya makaa na padri mpya, na baba akitabasamu na midomo iliyopasuka. Shangazi alionja, akakunja uso. "Iko chachu kidogo. Sukari hakuna?" Mama mmoja wa jumuiya aliniuliza kama naweza kumjazia chupa awapelekee watoto wake. Nilimwangalia mpaka akaangalia pembeni.

Siku moja nilimpa baba kikombe chake chumbani, mapema, kabla mtu hajafika. Alikishika mikononi, akasikia geti linagongwa. Mnajua alifanya nini? Alitoka nacho, ameegemea ukuta, hatua kwa hatua, akamkabidhi mgeni wa kwanza.

"Papa, ile iko dawa yako!" nilimwambia walipoondoka.

"Bantu batasema nini, mama? Miye minakunywa, na bao banaangalia tu?"

Huwa ananiita mama anapotaka nisimkasirikie. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kuliko wageni wenyewe. Heshima gani hiyo inayomzika mwenye nyumba?

Ndipo nikapata akili, au nilidhani nimeipata. Nilinunua makasha mawili ya soda, tunazoziita sukre, kijana wa pikipiki akanishushia getini. Niliazima viti vya plastiki kwa jirani, nikavipanga uani kwenye kivuli cha ukuta. Wageni watakaa nje, watakunywa sukre zao, watatuma salamu ndani. Baba atakunywa juisi yake kwa amani, bila macho ya mtu. Nikarudi jikoni kukamua, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali nilikuwa naimba.

Sikuwa nimemaliza kukamua niliposikia mayowe.

"Yaya wangu ee! Yaya, unaniacha na nani?"

Alikuwa shangazi. Yaya ni kaka mkubwa, na kaka yake mkubwa ni mmoja tu. Alikuwa ameingia uani mikono kichwani, akajitupa chini, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima wamejifunga vitenge kiunoni. Nilitoka na kisu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Weye njo unaniuliza? Biti iko inje! Sukre iko inje!"

Nikaelewa, na nikataka ardhi inimeze. Kwetu, nyumba ya mgonjwa ikitoa viti uani na kuingiza makasha ya sukre, bila muziki, bila harusi, kila mtu anajua ni kilio, kuna msiba. Jirani aliona, akampigia simu jirani, simu ikamfikia shangazi. Hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kuuliza.

Mlango ukafunguka. Baba alisimama pale na koti lake, ameshika fremu kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja alipiga kelele ya hofu. Baba aliangalia viti, akaangalia makasha, akamwangalia mdogo wake kwenye vumbi.

"Munanililia?" aliuliza. "Miye niko hapa, munanililia?"

Shangazi alijipangusa uso kwa kitenge, akaketi kwenye kiti. Mnadhani aliomba radhi?

"Mungu iko mukubwa, Yaya. Basi batupatie ile jus. Koo imekauka na kulia."

Niliingia jikoni na hasira zangu. Nilikamua chungwa la mwisho, kikombe kikajaa. Nilikileta, na niliapa moyoni kwamba akikinyoosha kuelekea kwa shangazi, nitakipiga kimwagike chini mbele ya watu wote, na wanaosema waseme.

"Leta hapa," alisema baba.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alinywa akiwaangalia, taratibu, bila kumkaribisha mtu, mpaka povu la mwisho. Shangazi alimeza mate. Kisha baba alinyoosha kidevu kuelekea makasha.

"Bao bamekuya kwa kilio. Bapatie sukre ya kilio."

Nikawafungulia chupa moja moja. Hakuna aliyethubutu kuigusa kwa mdomo. Ilibidi aliliwe na mtaa mzima akiwa hai ndipo baba yangu ajiruhusu kikombe kimoja nyumbani kwake mwenyewe, na kwa hilo sijamsamehe mtu mpaka leo, hata yeye.

Alinirudishia kikombe.

"Hii iko yangu," alisema. "Ongeza."