Taa ya Apariteri

Sisi watu wa Kamina tunajua kuwasha tu. Kuzima hatujui, na si kwa ukaidi. Umeme wetu hujizima wenyewe, saa unayoitaka, na hauagi mtu. Ukiondoka, swichi za nyumba nzima tunaziacha zilivyo, balbu zinangoja pale juu, na siku ukirudi zinawaka zote kwa mpigo na mtaa mzima unapiga kelele za furaha. Balbu ndiyo inayotupa habari. Aliyezima swichi yake atabaki na mshumaa wakati jirani anapiga pasi. Nimelelewa hivyo, na wanangu nimewalea hivyo.

Tabia hiyo tuliingia nayo chuoni, katika kitivo cha kilimo ninakofundisha. Tulipotegemea umeme wa nyaya haikutudhuru. Kisha tukawekewa paneli za jua juu ya paa, na betri zake katika chumba kidogo kando ya maabara. Nilifurahi kama bibi harusi. Sasa tulikuwa na umeme usiokwenda popote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuuambia upumzike. Taa ziliwaka mchana kweupe katika kumbi zisizo na mtu, zikimulika mabenchi. Jioni watu walifunga milango kwa ufunguo na kuziacha zinawaka ndani. Betri zilikauka usiku, na tulipofika asubuhi tulisema kama tulivyozoea, courant imeenda, yaani umeme umekatika, tukawatukana watu wa nyaya, maskini, ambao safari hii hawakuhusika.

Hali ingeendelea hivyo kama si samaki.

Kulikuwa na mwanafunzi wangu, mke wa askari, mama wa watoto wawili, anayekaa kule kambini. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu samaki wa Ziwa Kisale: nyama yao inapoteza nini wanawake wa Kinkondja wanapoikausha kwa moshi. Ili ajue, alihitaji samaki wabichi wa kulinganisha na wale wakavu. Aliwaleta mwenyewe katika sanduku la barafu lililojazwa unga wa mbao, kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kwa boti mpaka Bukama, kisha kwa treni, ambayo kwa huruma ya Mungu haikulala njiani. Alifika akinuka ziwa zima, anacheka. Tukawatia samaki katika kongelateri ya maabara, ile friji ya kugandisha, wamngojee profesa wa Lubumbashi aliyekuwa na mashine ya kuwapima.

Profesa akachelewa. Mvua zikashika, mawingu yakakaa juu ya paneli siku baada ya siku. Umeme wa nyaya ulikuwa umekatika kabisa, na mafuta ya jenereta yaliwekwa kwa ajili ya mitihani; kongelateri ikabaki kutegemea betri zilezile za taa. Asubuhi moja nilimkuta yule mwanafunzi amepiga magoti mbele ya kongelateri, kitambaa mkononi, anafuta maji yaliyokuwa yameanza kutoka chini ya mlango wake. Samaki walikuwa bado wagumu katikati, lakini ngozi ilikuwa imelegea. Nilimwambia asiogope. Hakuniangalia.

"Mama, hii samaki ikioza, masomo yangu njo imeisha," alisema. "Bwana yangu banamuhamisha. Minyi ntamufwata na batoto, na kule tunaenda hakuna université."

Nikachukua kitambaa kingine. Nilimpenda sana asubuhi ile, na niliwachukia wenzangu wote pamoja na taa zao.

Siku hiyohiyo nikaanza vita. Nilibandika karatasi za kuomba watu wazime taa. Walizisoma vizuri sana, kwa mwanga wa taa. Nikaona heri nizime mwenyewe. Nilipita mlango kwa mlango, na ulimi wangu haujawahi kuwa mtamu, mnisamehe. Mara ya kwanza nilipozima taa za ukumbi mkubwa, mchana, mwalimu aliyekuwa akifundisha alifunga begi lake katikati ya sentensi, akawaambia wanafunzi courant imeenda, tuonane wiki ijayo. Wakashangilia. Nilisimama mlangoni nimezuia njia kwa mwili wangu, nao Mungu kaujalia upana, nikawaonyesha mwanga wa mchana dirishani. Walirudi kuketi wakinung'unika kwamba mama huyu ana roho mbaya.

Pole pole wakazoea. Nadhani samaki ndio waliowashinda, si mimi. Nilikuwa nawaita mmoja mmoja maabara, namfungulia kongelateri kidogo tu, namwambia nani aliwaleta na kwa njia gani. Mtu wa kwetu anajua safari ya samaki kutoka Kisale. Alitoka pale, akaenda kuzima taa yake.

Ikabaki taa moja. Ofisi ya mwisho kwenye veranda ilikuwa ya apariteri, karani wetu wa kitivo, mzee mpole wa Kasai, anayevaa koti kila siku hata joto likiwa la kuchoma. Balbu yake ilikuwa ya zamani, ile nene inayotoa joto kuliko mwanga. Kila jioni alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake, na balbu ikawaka mpaka betri zife. Nilimwomba, akaitikia kwa heshima. Jioni taa ikawaka. Nikamwomba tena mbele ya yule mwanafunzi, akainamisha kichwa, akasema ndiyo mama. Taa ikawaka.

Uvumilivu wangu ukaisha. Nilimngoja kwenye veranda jua likizama, na alipogeuza ufunguo nikamuuliza kama anataka kumzika mtoto wa watu akiwa hai. Nilimuuliza anamwachia nani mwanga ule, panya? Hakukasirika. Aligeukia dirisha lake.

"Mama, ile taa si ya kuona," alisema. "Mu ile miaka bantu ba hapa walitufukuzaka siye ba Kasai, minyi nilikuwa mutoto. Tulilala kwa gare tunangoja treni. Papa akanituma nirudie ku nyumba, nilete sufuria yenye tulisahau. Nikakuta bantu banakula mu salon yetu. Niliwauliza juu ya nini banaingia kwetu. Wakasema, nyumba ilikuwa giza, tuliwaza haina mwenyewe."

Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Sote tunaijua miaka ile. Sisi wa hapa tunaijua na hatuizungumzi. Mimi pia nilikuwa mtoto, na nyumbani kwetu kilikuja kiti ambacho sikuwahi kuuliza kilitoka wapi. Nilitaka kumwambia aiache taa yake iwake, iwake maisha yake yote. Lakini nilifikiria ile ngozi ya samaki iliyolegea, na mwanamke aliyepiga magoti.

Apariteri aliufungua mlango tena. Aliingia, akavua koti lake, akauvalisha mgongo wa kiti, akayanyoosha mabega yake vizuri mpaka likakaa kama mtu anayeandika. Akasogeza kiti kidogo kielekee dirishani. Kisha akazima taa. Nilimwona mkono unavyosita kwenye swichi. Akatoka na shati tupu, manyunyu yakimwangukia, akaniambia usiku mwema mama.

Aliliacha koti pale kila jioni mpaka profesa alipofika. Samaki walimngoja wagumu kama mawe. Mwanafunzi wangu alitetea kazi yake tumbo likiwa limetangulia, kwa maana mtoto wa tatu naye alikuwa njiani, na apariteri alikaa benchi la nyuma akipiga makofi kuliko sisi wote. Wiki ileile familia ikapanda gari la kijeshi. Mwanafunzi wangu alikuja kutuaga, akamshika mzee mikono yote miwili, wala hakujua habari ya kituo cha treni. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Umeme wa nyaya umerudi siku hizi, unakuja na kwenda. Wengi wetu tumerudia tabia yetu. Apariteri hakurudia. Jioni, nikipita veranda ile, naliona koti gizani nyuma ya kioo, mabega yamenyooka. Huwa nasimama, nalisalimu kwa sauti, usiku mwema papa, ili anayepita nyuma yangu asikie kwamba mle ndani mna mtu.