Chupa ya Bibi Kidawa

Bibi yangu Kidawa, mzaa mama, alikuwa fundi wa mikeka. Alizaliwa Mitwero, akaolewa huko, akazika huko mume na watoto wawili. Mwaka sabini na nne, tulipohamia kijiji cha ujamaa, alikataa kupanda lori mpaka matita yake ya ukindu yapande kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, darasa la tatu, nikawa nakaa naye.

Kusuka ukili aliweza hata akifumba macho. Kuushona uwe mkeka na kupanga rangi ndiko kulikotaka macho. Mwaka uliofuata alimshonea jirani yetu Kibibi mkeka wa harusi, safu ya zambarau ikaingia pale pa nyeusi. Watu waliukalia wakajifanya hawakuona. Bibi akaniambia mbele ya jicho lake la kushoto kunaelea masizi, akipangusa hayatoki.

Kulikuwa na jambo jingine, na nililijua mimi peke yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyefagia choo. Alipokojoa yeye, sisimizi walijaa. Wanene, weusi, nikiwafagia wananipanda miguuni. Nilikuwa nikitema mate.

Ndipo akaja Daktari Apolonia kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa kioo cha nyuma ya jicho, na kama kisukari ndicho kinachouleta. Alitaka mkojo wa kila mtu mzima, kisha awatazame macho. Kazi ya kukusanya chupa akapewa Yunusu, balozi wa nyumba kumi, ambaye ni mume wa mama yangu mdogo Mboni. Yaani mkwe wa Bibi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi hakuwahi hata kula mbele ya Yunusu. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Yunusu aliileta chupa akasimama nje ya ua, uso kauelekeza barabarani, akanipa mimi.

"Mkwe wangu abebe mkojo wangu?" Bibi akanong'ona. "Heri nife. Jaza wewe, mke mwenzangu."

"Bibi, anayeumwa macho ni wewe."

"Mkojo ni mkojo. Wako wa kijana, utapendeza zaidi."

Nikajaza. Yunusu aliniona natoka nayo chooni, na Bibi kakaa barazani muda wote. Akaipokea, bado ina joto, akasema chini chini, "Haya, mradi nyumba zangu zitimie kumi." Nilichukia hata viatu vyake.

Kesho yake nikampeleka Bibi kwenye darasa la shule. Daktari alikuwa akitia matone ya mkojo kwenye dawa ya buluu, anachemsha juu ya kibatari cha spiriti. Chumba kizima kilinuka. Ya mzee Salumu ikageuka kijani, alama ya sukari. Iliyoandikwa Kidawa ikabaki buluu, maridadi kama shela ya harusi.

Wakamtia Bibi matone ya kupanua mboni, wakafunika madirisha kwa makuti. Daktari akamsogelea na kitochi, pua kwa pua, akakaa hapo muda mrefu.

"Mama, nyuma ya macho yako mishipa midogo inavuja damu. Hili la kushoto limeharibika sana. La kulia ndiyo linaanza. Nimeyaona haya kwa watu waliokaa na kisukari miaka mingi." Akaitazama karatasi. "Lakini mkojo wako safi kama wa mtoto. Huu ni wako kweli?"

Yunusu alikuwa mlangoni na orodha yake. Akakohoa.

"Wangu," akasema Bibi.

Daktari akaandika kwamba sababu haijulikani. Dawa hakutoa, angetoaje? Kesho asubuhi angeondoka kwenda Kilwa. Nikamrudisha Bibi nimemshika mkono, maana yale matone yalimtia ukungu, na njiani alikuwa anacheka. "Umeona? Safi kama wa mtoto." Nikamwachia acheke peke yake, kwa sababu uzima aliokuwa akiufurahia ulikuwa wangu.

Alfajiri alikojoa kwenye kopo lake kama kawaida, akaniachia nikamwage. Sisimizi walishapanda ukingoni. Nikawapuliza, nikalifunika kwa jani la mgomba, nikalipeleka mpaka kwenye landrova. Mkojo ulinimwagikia kidoleni, unanata.

"Shikamoo, Daktari. Huu ndio wa Bibi Kidawa. Ule ulikuwa wangu."

Yunusu alikuwa anapakia masanduku. "Mtoto huyu ana wazimu," akasema.

"Baba mdogo, uliniona."

Daktari akalipokea kopo. Akawasha kibatari pale pale juu ya boneti. Buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikawa nyekundu ya tofali. Akaifuta ile karatasi, akaandika upya, akaniachia vidonge na maagizo: chai bila sukari, muhogo kidogo, mkojo upimwe zahanati kila Jumatatu. La kushoto, alisema, halirudi. La kulia huenda likabaki.

Bibi hakusema nami siku tisa. Vidonge alimeza, lakini kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka nimpe, na Jumatatu ya kwanza hakutoa mkojo. Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu. Akaniletea chupa imefungwa ndani ya kitambaa, mafundo matatu.

"Pita njia ya nyuma," akasema, "usikutane na mkwe wangu." Akageuza jicho la kulia kwenye ukili wake. "Na ukirudi uniambie hii ni nyeusi au zambarau."