Vigae Vilivyolala Kifudifudi

Fundi Safdar wa mji wa Yazdi, Uajemi, aliwadharau watu wengi, lakini wahandisi aliwawekea dharau ya peke yao. Kwa miaka arobaini alikaa chini, mguu mmoja umekunjwa, akichonga vigae vya msikiti mkuu: buluu, firuzi, nyeupe, njano ya ganda la komamanga. Kila jani kipande chake, kila ua vipande tisa. Vigae vya kiwandani, vile vya mraba vilivyopakwa rangi zote kwa pamoja, aliviita vitambaa vya meza.

Mvua ilipobomoa bega la kushoto la tao kubwa, lenye umri wa karne saba, kazi alipewa yeye. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alijua hapati nyingine. Kwa miezi minne alipanga vipande sakafuni kifudifudi, kama ilivyo desturi: uso wenye rangi chini, mgongo wa udongo juu, vingoje kumwagiwa jasi na kuinuliwa ukutani.

Siku moja kabla ya jasi, akaja Mhandisi Kamyar kutoka Tehran kukagua. Suruali imepigwa pasi. Akautazama ule udongo mtupu.

"Fundi, rangi iko wapi?"

Safdar akamtazama viatu. "Iko palipo na rangi, Bwana Mhandisi."

"Nauliza kwa sababu naandika ripoti."

"Andika. Si ndiyo kazi mliyosomea?"

"Miezi minne, mzee wangu, hujatia rangi hata kigae kimoja?"

Ilitosha kugeuza kipande kimoja kwa kidole gumba. Safdar hakugeuza. Kamyar naye hakuinama. Alihurumia magoti ya suruali. Akaaga kwa adabu, akaagiza jasi isimwagwe mpaka ripoti ijibiwe, akaenda kuandika alichokiona.

Baada ya wiki barua ikaja: kazi haijaanza, tao litavalishwa vigae vya kiwandani. Safdar hakwenda kulalamika. Hakutaka kumpa mjinga heshima ya kubembelezwa. Vitambaa vya meza vikabandikwa kwa siku sita. Watu uani mwa msikiti wakainua shingo, wakasifu. Yeye akazoa vipande vyake kwa koleo, magunia kumi na moja.

Mkewe, Munavvar, akamwekea chai.

"Ungemwonyesha."

"Nimwonyeshe msomi mzima uso wa kigae ulipo? Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi anajua, yule hakujua."

"Angeuliza vizuri."

"Aliuliza, Bwana Safdar," akasema, akimsogezea sukari. "Wewe mwenyewe ulinisimulia, ukicheka."