Nilimeza Vidonge Viwili Asubuhi ya Kupasuliwa Moyo

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mnaotaka kucheka, chekeni.

Kwetu Itumba walisema sitaweza. Mjomba alitamka mbele ya watu: "Huyu asomee usingizi? Hata kuku hatamlaza!" Nikabeba magunia mpakani Tunduma, nikajisomesha Zambia, nikarudi na diploma ya usingizi, ya kulaza wagonjwa wanaopasuliwa. Nimelaza watu wa kila umbo, wote wakaamka.

Kisha valvu ya moyo wangu ikaharibika. Nikapelekwa mji wa mbali kupasuliwa. Ndugu sita walisafiri kunitolea damu, mjomba akiwemo.

Daktari wa usingizi alikuwa dada mpole. Nikamfundisha kazi! "Bomba la kupumulia likipita kooni presha hupaa. Nipe dawa ya fentanili ya kutosha kuizuia, kipimo cha mwanaume."

"Kaka, ikizidi presha inaanguka, na moyo wako hautahimili. Nitakupa kidogo kidogo. Na asubuhi usimeze kidonge cha presha."

Asubuhi nikajipima. Ilikuwa juu, woga mtupu! Mimi, mtaalamu, niingie chumba cha upasuaji na presha ya mwoga? Nikameza kidonge. Nikaongeza cha pili. Dada aliponiuliza, nikajibu, "Sijagusa kitu."

Jamani! Alinipa nusu tu ya niliyodai, presha ikaporomoka bomba halijagusa koo. Wakaninyanyua miguu, wakahangaika mpaka ikarudi, wakaahirisha upasuaji. Nilipoamka nikapapasa kifua. "Kazi safi, Daktari! Hata mshono sioni."

"Hatujakupasua. Ulimeza nini, Kaka?"

Nikataja. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe damu yangu imelala kwenye friji kwa ajili ya vidonge viwili, Bwana Diploma?"

Nilitamani kulazwa tena.

Safari ya pili nilitaja kila nilichomeza, nikaacha kumfundisha dada kazi. Nikapasuliwa, nikapona.

Nawaonya, wenzangu wenye vyeti hasa: mkiulizwa mmemeza nini, tajeni! Ningekufa kwa sababu ya kujionyesha.

Juzi nilipanda Itumba kulipa damu za watu, kuku mmoja kwa kila aliyenitolea. Watano walipokea wakacheka. Wa mwisho, mjomba, akakunja mikono.

"Mlaze kwanza."

Nikamfunika kuku kichwa kwa bawa lake, nikambembeza taratibu kama tulivyofanya utotoni. Akalala! Nikatunisha kifua, nikaanza kumweleza mjomba siri ya kipimo. Kuku akazinduka, akatimkia kwenye mahindi.

Tulimfukuza wote wawili, mimi nimeshika kovu langu. Nilimkabidhi akiwa macho, anapiga kelele.

"Deni limekwisha," mjomba akasema. "Ila kuku hujamlaza."